Kikapu badala ya gunia: Jinsi ya kumtoa paka wako matembezi bila kumpoteza

KWA miaka mingi, paka wa Kenya amekuwa na usafiri mmoja tu: gunia. Na mara nyingi safari yenyewe huwa ya kwenda bila kurudi.

Paka akizaa kila mara, akila kifaranga cha jirani ama akiiba nyama jikoni, hukamatwa na kutiwa guniani. Mdomo wa gunia hufungwa kwa kamba, mzigo ukapakiwa kwenye bodaboda, na paka akaenda kutupwa kwenye soko la mbali au ng'ambo ya mto.

Sasa fungua TikTok. Utakutana na paka waliokaa kwenye mikoba yenye dirisha la duara, wengine wakisukumwa kwenye vigari mfano wa vile vya watoto wachanga, wakitazama watu na magari kama matajiri walio likizoni.

Unacheka, unapenda video, kisha unamtazama paka wako aliyelala juu ya kochi na kujiuliza: huyu naye anaweza?

Tuseme uko Kiritiri, Mbeere Kusini, katika Kaunti ya Embu. Hapa ni ukanda wa chini, jua ni kali, vumbi si haba, na magari yanayobeba muguka hayana subira na mtu yeyote barabarani. Si mahali pa kwanza mtu angefikiria kumsukuma paka kwenye kigari.

Lakini paka wa Kiritiri anaweza kutoka, na kwa kweli anahitaji kujua kutoka kuliko paka wa video. Sababu si picha. Sababu ni kwamba siku moja itabidi abebwe, na siku hiyo usipokuwa umemzoesha, utarudi kwenye gunia.

Safari ambazo hukwepi

Hesabu mwenyewe safari ambazo paka wako hawezi kuzikwepa maishani.

Kuna chanjo. Kuna kuhasiwa kwa dume na kufungwa kizazi kwa jike. Kuna siku atakapougua, avunjike mguu au aumwe na nyoka. Na kuna siku utakapohama bedsita hii kwenda nyingine, ama ukipata kazi Embu mjini, Thika au Nairobi.

Zote hizo zinahitaji paka aingie ndani ya kitu, kitu hicho kifungwe, na yeye atulie.

Tazama kinachotokea watu wa mifugo wanapochanja wanyama mtaani. Mbwa huja akivutwa kwa kamba. Paka hubaki nyumbani, si kwa sababu mwenyewe hajali, bali kwa sababu hakuna wa kumbeba. Aliyejaribu alirudi na mikwaruzo hadi kwenye viwiko.

Na hilo si jambo dogo. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 2,000 kila mwaka nchini Kenya. Wengi wao huambukizwa na mbwa, ila paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa huweza kuupeleka ugonjwa huo hadi sebuleni kwako. Ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana serikali ilijiwekea mpango wa kuutokomeza kati ya 2014 na 2030, na nguzo yake kubwa ni chanjo kwa wanyama.

Jijini Nairobi, suala hili lilifika hadi kwenye bunge la kaunti. Mswada wa 2024 kuhusu udhibiti na maslahi ya wanyama ulipendekeza kwamba mwenye paka alipe leseni ya Sh200 kwa mwaka na aonyeshe ithibati kuwa paka wake amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Pia alitakiwa kuhakikisha paka hapigi kelele za kusumbua majirani.

Watu walicheka sana mtandaoni. Wengine waliuliza kama paka atapewa namba ya KRA. Lakini ndani ya kicheko hicho kulikuwa na swali ambalo wachache walilijibu: huyo paka atafikaje kwa daktari?

Kubeba paka si uzungu

Kuna watakaokwambia mambo ya kumbeba paka ni ya wazungu. Waambie waulize Pwani.

Miongoni mwa masahaba wa Mtume Muhammad, yuko aliyejulikana kwa jina la Abu Huraira, maana yake baba wa kipaka, kwa sababu ya paka mdogo aliyependa kuwa naye. Huko Lamu, paka hulala barazani, huzunguka sokoni na kusubiri mashua za samaki kana kwamba nao wana hisa.

Hata safari ya mbali zaidi ya paka wa Kenya ilianzia Pwani. Mnamo 1978, karibu na Watamu, Jeni Slater alikuta paka wenye mabaka ya ajabu kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wagiriama walikuwa wakiwajua kitambo na kuwaita khadzonzo, kwa vile manyoya yao yanafanana na gome la mti. Mwaka 1984 rafiki yake, Gloria Moeldrup, aliwapeleka baadhi yao Denmark. Leo paka hao wanafugwa ng'ambo kwa jina la Sokoke.

Kwa hivyo paka wa Kenya ameshapanda ndege na kufika Ulaya. Wa Kiritiri hawezi kushindwa kufika Embu mjini.

Kigari, begi au kikapu?

Tuanze na kigari. Kwenye sakafu laini ya jumba la maduka, kigari ni starehe. Kwenye barabara ya changarawe, magurudumu yake madogo hurukaruka, kila jiwe likamtikisa paka kuanzia kichwa hadi mkia. Labda uwe na kile chenye magurudumu makubwa ya upepo. Na bei ya kigari cha kutoka nje ni pesa ambazo vijana wengi wangependelea kulipia kodi.

Begi lenye dirisha la duara la plastiki linapendeza kwa picha, lakini liogope kwenye jua la Mbeere. Plastiki ile huvuta joto na kulifungia ndani. Mashimo madogo ya pembeni hayatoshi. Ukiwa na begi la aina hiyo, lile la wavu pande zote ni afadhali.

Kinachofaa zaidi huku ni kikapu au sanduku gumu lenye mlango unaofunga barabara na matundu ya hewa pande zote. Si lazima ununue. Kapu la plastiki la kuwekea nguo chafu, lenye kifuniko, linatosha ukilifunga kwa kamba au vibana vya plastiki pande zote nne. Kreti mbili za plastiki zenye kina, zikifunikana mdomo kwa mdomo na kufungwa imara, hufanya kazi hiyo hiyo. Fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea kisanduku cha wavu wa chuma, mradi umwambie akunje ncha zote za waya zisimchome paka.

Katoni pekee iache. Paka akikojoa kwa woga, sehemu ya chini hulowa na kufunguka, na utabaki umeshika kifuniko katikati ya steji.

Vipimo ni rahisi: paka aweze kusimama, kugeuka na kulala ndani bila kujikunja. Pakubwa mno pia ni pabaya, kwa sababu atakuwa akiteleza huku na kule kila kona. Chini weka taulo kuukuu au fulana yako uliyoivaa. Harufu yako ndiyo itakayomtuliza.

Ongeza mkanda wa kifuani wenye kamba fupi, na uifunge kamba hiyo ndani ya kikapu. Usimfunge paka kwa shingo. Akishtuka na kuruka, kamba ya shingoni inaweza kumnyonga.

Mazoezi huanzia sebuleni

Hapa ndipo wengi hukosea. Kikapu hutolewa juu ya kabati siku ya safari, paka anakimbizwa nyumba nzima, anasukumwa ndani kwa nguvu, kisha anapelekwa kudungwa sindano. Wewe ungekuwa paka ungekipenda kikapu hicho?

Wiki ya kwanza, kiweke kikapu wazi pale anapopenda kulala. Usimwingize. Mwache akinuse, apande juu yake, aingie na kutoka anavyotaka. Ukimpa omena au kipande cha matumbo, mpe hapo karibu. Siku zinavyosonga, sogeza chakula hadi ndani kabisa.

Wiki ya pili, akiwa ndani anakula, funga mlango kwa sekunde chache kisha ufungue kabla hajalalamika. Ongeza hadi dakika moja, hadi tano. Halafu nyanyua kikapu, tembea nacho hatua kumi, ukirudishe, umpe zawadi yake.

Wiki ya tatu, toka naye hadi mlangoni. Kisha hadi kwenye geti la ploti. Akizoea sauti za ploti, ndipo umpeleke barabarani kwa dakika 5 au 10 tu.

Kuna paka atakayemaliza haya kwa siku kumi, na kuna atakayehitaji miezi miwili. Mwenye kupanga kasi ni yeye. Mtoto wa paka hujifunza haraka kuliko mzee, ila hata mzee hujifunza.

Siri nyingine: paka akiogopa hutaka kujificha na kuwa juu. Kwa hivyo beba leso ya kufunika kikapu upande mmoja ili apate pa kujificha, na ukipumzika, kiweke juu ya benchi au meza. Usikiweke chini ambapo anaona miguu ya watu na pua za mbwa.

Kabla hamjavuka geti

Paka asiyechanjwa asitoke. Chanjo ya magonjwa ya mafua ya paka na ile ya ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa paka huanza akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, na hurudiwa hadi afikie takriban wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza. Uliza afisa wa mifugo aliye karibu nawe. Huyo huyo anayetibu ng'ombe na mbuzi wa shosho anaweza kumchanja paka au kukuelekeza kwa anayeweza.

Jike asiyefungwa kizazi ni mtihani mwingine. Anaweza kupata joto akiwa na umri wa miezi minne tu. Mimba ya paka huchukua takriban siku 63 hadi 65, hivyo kwa mwaka mmoja anaweza kuzaa mara mbili au tatu. Ndivyo gunia linavyorudi. Akiwa kwenye joto usimtoe, kwa sababu madume wa mtaa mzima watawafuata, na yeye mwenyewe atatafuta mwanya wowote wa kutoroka.

Halafu kuna hili la viroboto, na tafadhali lisome mara mbili.

Mbeere ni nchi ya mbuzi, na karibu kila boma lina dawa ya kuua kupe. Usithubutu kumpaka au kumwogesha paka kwa dawa hiyo, hata kidogo, hata ukiizimua kwa maji mengi. Dawa nyingi za kupe na hata baadhi ya zile za viroboto vya mbwa zina kemikali kama permethrin, cypermethrin au amitraz. Ini la paka halina uwezo wa kuziondoa kama la wanyama wengine. Paka hutetemeka, hutokwa na mate, hupata degedege na anaweza kufa. Tumia tu dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, kwa kipimo cha uzito wake.

Mwisho, mtambulishe. Andika nambari yako ya simu kwenye kikapu, na pia kwenye ukanda wa shingo ulio mwepesi, ule unaofunguka wenyewe ukinaswa.

Saa za kutoka, saa za kukaa

Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni. Bahati nzuri, ndizo saa ambazo Kiritiri ina ubaridi. Toka kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na urudi kabla giza halijaingia.

Kati ya saa nne na saa kumi, mwache ndani. Paka hatoi jasho mwili mzima kama wewe. Sehemu kubwa ya jasho lake hutoka kwenye nyayo. Joto la mwili wa paka mwenye afya ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, na likipita 40 mambo yameanza kuharibika.

Kabla ya kumteremsha popote, weka mgongo wa kiganja chako ardhini kwa sekunde tano. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia hazitavumilia.

Mbwa akihema ulimi ukiwa nje ni kawaida. Paka akifanya hivyo, ni dalili ya hatari. Mpeleke kivulini, mloweshe kwa maji ya baridi ya kawaida, si ya barafu, mpepee, kisha mtafute daktari hata akionekana kupata nafuu. Na usimwache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa dakika za kununua maziwa.

Mahali je? Anza na pasipo na watu wengi. Uwanja wa kanisa siku za katikati ya wiki ukiomba ruhusa, kivuli cha mwembe shambani kwa jamaa, ua wa rafiki. Siku ya soko iepuke kabisa, maana pilikapilika, honi na harufu za mifugo zitamchanganya.

Vijana wengi hupenda kwenda kupiga picha kwenye mabwawa ya mto Tana, kama Kamburu na Kiambere. Mandhari ni ya kuvutia, lakini mabwawa hayo yana mamba na viboko, kwa hivyo paka asitoke kikapuni karibu na maji. Nako Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea, iliyo huku huku Mbeere, usimpeleke. Hifadhi ni za wanyamapori, na paka wa nyumbani hana nafasi humo.

Akitoka kikapuni, awe na mkanda wake na wewe ushike kamba. Angalia nyasi ndefu na mawe yaliyorundikana, kwani moma hupenda kujilaza hapo. Usimruhusu kutafuna mabaki ya muguka yaliyotupwa chini. Kinachomkesha mtu mzima wa kilo 70 kinaweza kumdhuru vibaya mnyama wa kilo nne. Maua ya aina ya yungiyungi nayo ni sumu kali kwa figo za paka, hata chavua tu inayomwangukia manyoyani kisha akaijilamba.

Kwenye matatu na nduthi

Safari ya kweli ni ile ya kwenda Embu mjini. Usimpe chakula kwa saa tatu au nne kabla ya safari ili asitapike, ila maji mpe.

Ongea na makanga kabla hujapanda. Mwonyeshe kikapu, mwambie ni paka, amefungwa vizuri, hatatoka. Wengi watacheka, wengine watakutoza pesa kidogo za mzigo. Afadhali ulipe kuliko kumficha paka ndani ya jaketi halafu alie mkiwa katikati ya safari na abiria 14.

Kikapu kikae mapajani mwako au sakafuni mbele ya miguu yako ikiwa pako imara. Kisiwekwe kwenye buti chini ya magunia ya ndengu. Na kisifungwe juu kwenye keria, ambako jua, upepo na vumbi vitammaliza kabla hamjafika. Kifunike kwa leso ukiacha nafasi ya hewa. Kama abiria jirani anaogopa paka au ana mzio wa manyoya, badilishaneni viti bila mabishano.

Bodaboda ni ya dharura. Ikibidi, keti nyuma na kikapu kigumu katikati yako na mwendeshaji, kikiwa kimefungwa kwa mkanda, na umwombe dereva aende polepole. Mkoba wa begani ulioachwa wazi ili paka achungulie ni hatari. Honi moja ya lori inatosha.

Ukiona mtu anamsafirisha paka ndani ya gunia lililofungwa ama amemfunga miguu, jua kwamba sheria iko upande wa paka. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu.

Mbwa, watoto na maswali

Mbwa akija, usikimbie. Inua kikapu hadi kifuani, simama imara, kisha ondoka polepole. Ukikimbia, atakufukuza.

Mbwa au paka asiyejulikana akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate sindano. Usingoje kuona kama kitapona.

Watoto watakuja, hilo ni hakika. Waambie wachuchumae, wasiingize vidole, watazame mmoja mmoja. Mtoto aliyefunzwa leo kumtazama paka kwa upole ni mawe machache yatakayorushwa kesho.

Watu wazima nao watakuwa na maneno yao. "Kwani huyo ni mtoto?" "Hii ni Kiritiri, si Kanairo." Ukiwa kijana wa kiume, jitayarishe mara mbili. Wengine watamwogopa, hasa akiwa mweusi, kwa sababu ya imani za uchawi. Usibishane. Jibu fupi linatosha: anaenda kuchanjwa. Sentensi hiyo hugeuza kicheko kuwa maswali, na mara nyingi swali linalofuata ni, "Na wangu anaweza kuchanjiwa wapi?"

Usisahau kuwa watu hao hao wanamjua paka kama mfanyakazi. Ndiye askari wa gunia la ndengu na la mtama, anayezuia panya wasimalize mavuno kabla ya soko. Mfanyakazi hupelekwa hospitali.

Akitoroka

Hata kwa uangalifu wote, siku moja mlango unaweza kulegea. Usimkimbize huku ukipiga kelele. Paka aliyeshtuka huona kila anayemkimbilia kuwa adui.

Kwa kawaida hujificha karibu: chini ya gari, ndani ya mtaro, nyuma ya kibanda. Weka kikapu wazi pale alipotorokea, pamoja na fulana yako na samaki. Keti chini. Ita kwa sauti ile unayotumia ukimpa chakula. Asipotokea, rudi usiku kukiwa kimya na umulike kwa tochi, kwani macho yake yatang'aa. Waachie nambari yako wenye maduka na wanabodaboda wa steji hiyo. Wao huona kila kitu.

Na mazoea yasikudanganye. Bob, paka wa London aliyepata umaarufu duniani kwa kupanda mabasi na kukaa begani mwa James Bowen, alikuwa amezoea jiji lenye msongamano mkubwa. Mnamo Juni 2020, baada ya kutoka nyumbani peke yake, aligongwa na gari akafa. Miaka yote aliyotembea na mwenzake alikuwa salama.

Si kila paka ni msafiri

Kuna paka ambao hawatapenda kamwe. Ukimtoa, masikio yanalala nyuma, mboni zinapanuka, anatokwa na mate, anajibana kwenye kona na kunguruma. Huyo mrudishe nyumbani. Mgonjwa, mwenye mimba na mzee sana pia waache wapumzike.

Kutotoka si kufungwa jela. Weka wavu kwenye dirisha na ubao wa kukalia, atazame ndege na wapita njia siku nzima. Kama una kibaraza, kizungushie wavu. Endelea kumzoesha kikapu humo humo ndani, ili siku ya daktari isiwe vita.

Na kwa wale wa kutengeneza video: paka hajui idadi ya wafuasi wako. Ukiona anateseka, zima kamera. Kumvalisha miwani na kumpitisha stejini saa saba mchana ili upate vicheko si matembezi, ni ukatili wenye muziki nyuma yake.

Ukitaka kuanza, anza leo usiku. Tafuta kapu, tandika fulana ya zamani ndani, liweke kwenye kona anayoipenda na uliache wazi. Usimwite. Asubuhi angalia kama kuna manyoya juu ya fulana hiyo. Yakiwepo, safari ya kwanza ya daktari imeshakuwa rahisi kwa nusu.